Mawe ya Juu ya Chemchemi

Watu husifu harufu ya mvua ya kwanza. Jirani yangu hapa Arua, mama wa rika langu, hutoka barazani ardhi inapolowa baada ya kiangazi, huvuta pumzi ndefu na kusema hakuna manukato ya dukani yanayoifikia. Mimi hufunga madirisha. Hunicheka, husema nimezeeka vibaya, na huenda ni kweli. Lakini ile ni harufu ya udongo unaoondoka mahali pake, na mimi niliona ulikokwenda. Sitaki iingie nyumbani kwangu.

Sisi tuliokua enzi zile, wanaume wetu wakiwa jeshini na maduka yakiwa hayana sabuni wala chumvi, tukikutana tunazungumzia foleni na magendo, na nani alikimbilia wapi siku mambo yalipoharibika. Tunacheka hata. Sijawahi kusikia mtu akizungumzia maji tuliyokunywa, kana kwamba maji yalikuwepo tu kama hewa. Kwetu hayakuwepo tu. Yalitunzwa kwa mikono, na mtu mmoja aliyaharibu huku sisi wengine tukitazama tukiwa tumeshiba sukari yake.

Kwetu kulikuwa Midia, nje kidogo ya Koboko, kwenye mtelemko mrefu unaoshuka mpaka kwenye mwamba. Chini ya mwamba ndipo maji yalipotokea, membamba, baridi hata saa sita mchana. Mashamba yetu ya muhogo na mtama yalianzia karibu na nyumba yakateremka, lakini hayakufika kwenye maji. Yalikomea kwenye mstari wa mawe. Kutoka kwenye mawe yale hadi kwenye chemchemi palikuwa na ukanda mpana wa nyasi, vichaka na miti mikubwa michache, ambao hakuna aliyewahi kuutia jembe. Juu ya mawe palikuwa na mtaro wa kukinga maji ya mvua na kuyapeleka pembeni. Mvua ikinyesha kwa nguvu, shambani palitiririka matope, mtaroni palipita maji mekundu, nyasi zikalala, na pale chini kwenye mwamba maji yaliendelea kutoka meupe.

Mwenye ukanda ule alikuwa Habuba. Ndivyo tulivyomwita bibi yetu, mama yake baba, kama wanavyoita watu wa kwetu waliotokana na wale askari wa zamani wa Sudani. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini pia, kifupi, kisichobembeleza mtu. Mama yangu aliolewa akitokea Ayivu, upande wa Arua, na lugha ya kwao Habuba hakuijua. Kwa hiyo Kiswahili kile ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni kwetu, cha kuamrishana na cha kupendana.

Sheria za Habuba tulizijua kabla hatujajua kufunga nguo zetu wenyewe. Mbuzi hafungwi ndani ya ukanda. Nguo hazifuliwi hapo, ni mpaka chini, maji yakishapita. Anayekwenda haja huko atachapwa, mkubwa kwa mdogo. Nyasi hukatwa mara moja tu, baada ya mavuno, na za kwanza ni za kuezekea nyumba za wajane. Na jembe lisivuke mawe. Hilo alilisema kwa sauti tofauti, taratibu, akimwangalia kila mmoja wetu usoni.

"Jembe ikipita hii mawe," alisema, "watoto watakufa."

Mimi nilikuwa mtoto wa kusikia neno na kulitafutia mahali pa kulikalisha. Nikayatazama mawe yale, yaliyopangwa kwa mstari, moja kubwa, moja dogo, mengine yameota ukungu wa kijani, nikaelewa. Chini ya kila jiwe alilala mtoto. Ndiyo maana yalipangwa hivyo, ndiyo maana hakuna aliyeyakalia, ndiyo maana wanawake walipopita hapo na mitungi walipunguza sauti. Jembe likipita, watoto wangekatwa na kufa mara ya pili. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa na jiwe langu nililolipenda, lenye mshipa mweupe uliolizunguka kama mkanda, na nilipotumwa maji nililiamkia kimoyomoyo. Nilimpa hata jina mtoto wa chini yake. Nilimwita Mawa.

Palikuwa na desturi nyingine, na hii niliiona kwa macho yangu. Mtu akivunja sheria ya ukanda, wanawake wote wa mtelemko hawakwenda kwa wazee wala kwa chifu. Walimwaga maji waliyokuwa nayo, wakabeba mitungi mitupu, wakaipindua mlangoni kwa mkosaji na kukaa kando yake. Hawakutukana, hawakuimba. Walikaa tu. Siku hiyo hakuna aliyepika kwenye mtelemko mzima, na kila mwanaume mwenye njaa alijua njaa yake imetoka kwa nani. Mzee Yosia, jirani yetu mkaidi, aliwahi kufunga mbuzi wake wawili kwenye nyasi zile wakati wa kiangazi kikali. Asubuhi alifungua mlango akakuta mitungi imejaa mpaka uani, akaufunga tena. Kufika adhuhuri ndugu zake mwenyewe walikuwa wakimpigia kelele dirishani awahamishe mbuzi, wakafie kwingine. Aliwahamisha, akatoa kuku, wanawake wakanyanyuka wakacheka njia nzima. Nilidhani hakuna mwanaume duniani anayeweza kuishinda mitungi ile.

Kisha akarudi Baba Mkubwa.

Alikuwa kaka yake baba, mtoto wa kwanza wa Habuba, kapteni jeshini. Alikuja likizo kwa Landrova, na kabla injini haijazimwa mtelemko mzima ulikuwa umekwisha kusogea. Alileta sukari. Sijui niwaeleze vipi wadogo wa leo sukari ilikuwa nini. Alileta chumvi, sabuni za miche, betri za redio, na bulangeti la Habuba lenye picha ya simba. Aliwapa wote, hakuwa mchoyo, na hilo ndilo lililotumaliza. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la jeshi kwa neno la Baba Mkubwa. Mtoto wa Mzee Yosia alitolewa mahabusu Arua kwa neno la Baba Mkubwa. Karibu kila nyumba ilikuwa na kitu chake ndani.

Yeye alitaka kulima tumbaku. Wakati ule tumbaku ndiyo iliyokuwa na bei, na miche yake hukuzwa kwenye vitalu wakati wa kiangazi, ikimwagiliwa asubuhi na jioni, kwa hiyo kitalu hutafutiwa mahali penye maji karibu. Alishuka na Habuba mpaka kwenye mawe, mikono nyuma, na mimi nikawafuata kwa sababu alikuwa na peremende mfukoni.

"Mama, hii mahali iko bure," alisema. "Nyasi tu. Tumbaku nataka maji karibu."

"Haiko bure," Habuba alijibu. "Hii mahali nafanya kazi kushinda wewe."

Alicheka. Alimpenda mama yake, lazima niseme hivyo ingawa sipendi kulisema. "Serikali nasema kila mutu alime, mama. Mimi ni mutu ya serikali, naacha shamba ya nyasi karibu na nyumba yangu? Watu watasema nini?"

"Watasema wewe nakunywa maji safi."

"Maji haiwezi kwisha. Iko natoka chini, kwa mawe. Mimi nalima juu."

"Juu na chini ni kitu moja," Habuba alisema. "Wewe nalijua hii toka mutoto."

Alinipa peremende, akampa Habuba mkono wa kupandia mtelemko, na kesho yake vibarua wakaja.

Walianza kwa kung'oa mawe. Nilijificha kwenye mtama kuyashuhudia. Moyo ulinidunda, maana nilikuja kuona mifupa, na nilikuwa nimekwisha kumwomba Mawa msamaha mapema. Kibarua akalitia mtaimbo jiwe langu lenye mkanda mweupe, likapinduka. Chini yake palikuwa na udongo mweusi, unyevunyevu, na nyungunyungu mmoja aliyejikunja kwa kupigwa na jua. Jiwe lililofuata lilikuwa na siafu. Lililofuata halikuwa na kitu. Walikwenda mstari mzima hivyo, wakayapakia kwenye mkokoteni, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa akijenga nyumba ya matofali na alitaka mawe ya msingi.

Nilirudi nyumbani mbio nikamwambia mama kwamba Habuba ni mwongo, hakuna watoto waliolala pale. Mama alikuwa akimwogesha mdogo wangu Rajabu, aliyekuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vitu. Aliniangalia muda mrefu, mikono ikiwa majini.

"Nani nasema iko watoto?"

"Habuba."

"Zena, mwanangu," alisema, akaendelea kumsugua Rajabu mgongo. Sikuelewa kwa nini alikuwa akilia kwa jambo jema kama lile.

Nilifurahi, ndugu zangu. Nilimwona Baba Mkubwa kama mtu aliyekuja kufungua mahali palipofungwa bure na hofu za bibi mzee.

Asubuhi iliyofuata Habuba alimwaga maji ya mtungi wake uani, akaubeba mpaka kwa mwanawe mkubwa, akaupindua kizingitini na kukaa chini kando yake, miguu ameinyoosha. Nyumba ile ilikuwa ya nyasi bado, ya matofali haijapanda. Jua lilikuwa likichomoza. Wanawake wa mtelemko walimwona wote, maana nyumba zetu zilitazamana. Niliona milango ikifunguka kidogo. Niliona mke wa Mzee Yosia akitoka na mtungi, akasimama nao, akaurudisha ndani.

Kwetu mama naye aliinua mtungi wake. Aliumwaga, maji yakatapakaa mpaka miguuni kwangu. Aliufunga kichwani ule mviringo wa kitambaa wa kuwekea mzigo, akapachika mtungi, na kufika mlangoni baba, aliyekuwa amelala nyumbani usiku ule, akasema bila kuinuka kitandani.

"Weka hiyo mtungi chini."

"Baba Zena, ile ni mama yako iko kule."

"Ni mama yangu. Na gari ni ya kaka yangu. Kesho kama mimi hakuna gari, wewe nalisha hii watoto nyasi ya ukanda?"

Mama alisimama mlangoni. Alisimama kiasi cha kumtosha mtu kwenda na kurudi. Nilimwona shingo ikimtetemeka, na mtungi ulikuwa mtupu, haukuwa na uzito wowote. Kisha akautua. Alichochea moto, akateka maji yaliyobaki kwenye sufuria, akapika chai ya baba, na aliitia sukari.

Baba Mkubwa alipofungua mlango wake aliukuta mtungi mmoja. Hata leo namwona, fulana nyeupe, mswaki mdomoni. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaona kwamba hakuna mwingine anayekuja. Angemfokea ingekuwa afadhali. Aliingia ndani akatoka na kiti cha sofa, kile cha pekee, akambeba mama yake taratibu kwa makwapa na kumkalisha. Akamletea chai ya maziwa kwenye sinia, akamwinulia mwavuli jua lilipopanda, akamweka kibarua aushike. Akaita majirani.

"Mama amekuja kunisalimia," alisema kwa sauti ya kusikika mtelemko mzima. "Kuja mnywe chai na sisi."

Watu walikuja. Hiyo ndiyo aibu ambayo hakuna anayeitaja tukikutana. Walikuja kwa nafuu, wakicheka, wanawake wale wale, wakanywa chai ya maziwa kumzunguka Habuba aliyekaa juu ya sofa chini ya mwavuli kama bibi harusi. Hakugusa kikombe chake. Chai iliganda utando juu, nzi wakatua. Mama alikuwa miongoni mwao, na mimi nilikuwa mapajani mwake nikila kipande cha mkate. Alasiri Habuba alishuka kitini, akachukua mtungi wake, na akaenda nao chemchemini kuteka, kwa sababu nyumbani kwake hapakuwa na tone.

Yaliyofuata yalikwenda polepole, ndiyo maana tuliweza kuyazoea. Vitalu vilitandikwa mpaka kwenye mwamba, vikafunikwa kwa nyasi za ukanda wenyewe. Mtaro ulifukiwa ili trekta la kukodi lipite. Mashine ya kupulizia dawa ya wadudu iliyobebwa mgongoni ilisuuzwa pale pale tulipotekea, kibarua akipiga mluzi. Kisha mvua ya kwanza ikanyesha usiku. Asubuhi tuliamka na ile harufu, kali, tamu, ya mtelemko mzima uliolimwa na kuloweshwa kwa mara ya kwanza, na mama alisimama uani akaivuta akatabasamu. Tuliposhuka na mitungi tulikuta chemchemi haionekani. Palikuwa na ziwa dogo la rangi ya matofali, miche imeelea juu yake, na mapovu machache yakipanda katikati kuonyesha mahali maji yalipokuwa yakijaribu kutoka.

Wanawake walichimbua matope kwa mikono na vibuyu. Mvua ikarudi ikayajaza tena. Tulijifunza kuyaacha maji yatulie usiku mzima mtungini na kuyateka juu juu, tukayaita chai ya Kapteni, tukacheka. Mwanzoni mama aliyachemsha. Lakini miti ya ukandani ilipokatwa, na ya mbali nayo ikakatwa, yote kwenda kukausha tumbaku kwenye mabanda yenye moto wa siku na usiku, kuni zikawa za kupikia ugali tu, na wakati mwingine hata ugali zilikuwa haziutoshi. Habuba alikuwa akitembea peke yake mpaka kijito cha mbali, karibu na mpaka wa Sudani, kurudi jioni na mtungi mmoja. Maji yale aliyatoa kwa watoto. Alimpa Rajabu kwanza.

Rajabu alikuwa amejifunza kutembea kwa kuuzunguka mtungi wetu. Aliushika kwa mikono miwili, akabandika mdomo kwenye udongo wake wa baridi, akasema "ma, ma," na hatukujua kama anaita mama au anaomba maji, kwa hiyo alipewa vyote viwili. Mtungi mmoja wa Habuba haukuweza kutosha nyumba mbili. Mtoto mwenye kiu hangoji kijito cha mbali.

Alianza kuhara wakati wa mvua kubwa, wakati tumbaku ilipokuwa ikifungwa marobota. Watoto wengine wa mtelemko walikuwa wakiumwa vile vile, kwa hiyo siku ya kwanza hatukushtuka. Siku iliyofuata macho yake yalikuwa yamezama, na mama alipomfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama. Baba alikuwa safarini na lori. Landrova ilikuwa Kampala. Gari pekee lililokuwa likienda Arua, kulikokuwa na hospitali kubwa, lilikuwa lori la tumbaku ya Baba Mkubwa. Mama alipandishwa juu ya marobota na Rajabu kifuani, mimi nikapandishwa nyuma yake kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia.

Ile ndiyo harufu yangu ya pili, tumbaku kavu iliyokosa hewa chini ya turubai. Njia ilikuwa matope. Tulikwama, tukasukumwa, tukakwama. Rajabu aliacha kulia mapema, na mimi nilifurahi kwamba amelala. Tulipokaribia Arua mama aligonga kwa ngumi juu ya chumba cha dereva. Dereva akasimama.

"Hospitali iko mbele kidogo, mama," alisema.

"Hospitali hapana tena," mama alisema. "Peleka mimi Ayivu. Kwa baba yangu."

Rajabu alizikwa kwa babu, ukingoni mwa shamba la maharage, na wanaume wachache wa Kiislamu waliotoka mjini kumsalia. Kaburi lilikuwa fupi kiasi kwamba niliweza kulivuka kwa hatua yangu moja, na nilichapwa kwa kujaribu.

Habuba alikuja baadaye kwa basi, peke yake, yeye ambaye hakupenda magari. Alishuka barabarani na kutembea mpaka kwa babu akiwa amebeba mzigo kichwani, umefungwa kwenye leso, na mzigo ulionekana mzito maana shingo yake ilikuwa imezama. Hakusalimia mtu. Alikwenda mpaka miguuni kwa mama, akautua, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na jiwe. Nililijua mara moja kwa mkanda wake mweupe.

"Nimetoa kwa msingi ya nyumba yake," Habuba alisema. "Hii ni jiwe yako."

Mama aliliangalia kama anavyotazamwa mtu.

"Siku wewe nakuja kwetu," Habuba aliendelea, "mimi nalikupeleka kwa shamba, nasema chagua moja, beba. Wewe nalichagua hii. Nasema ni zuri. Kila mke wa ile mtelemko iko na yake pale. Yangu nalikuwa ya kwanza." Alipumua. "Mahali yake haiko tena. Weka hapa."

Hapo ndipo nilipojua mawe yale yalikuwa nini. Mama yangu, akiwa msichana mgeni aliyevaa nguo mpya, alitembea na jiwe lile mikononi kutoka shambani mpaka kwenye mstari, akaliweka, na kuanzia siku ile kipande kile cha nyasi kilikuwa chake kukilinda. Mstari mzima ulikuwa wa wanawake, hai na waliokufa, kila mmoja na sehemu yake. Siku vibarua walipolipindua, na mimi nikarudi mbio kumletea habari njema kwamba chini yake hakuna kitu, lilikuwa lake.

Mama alilibeba mpaka kwenye kaburi akaliweka kichwani pa Rajabu. Nikamwuliza Habuba kwa kunong'ona kama sasa kuna mtoto chini yake kweli. Akasema ndiyo.

Baadaye vilikuja vita, na sisi tuliokuwa tumekula sukari tukakimbia kama tulivyokuwa, wengine Zaire, wengine Sudani. Baba Mkubwa alipita barabarani kwa Landrova iliyosheheni, magodoro juu, sofa ile imefungwa kwa kamba nyuma. Alitupungia mkono. Hakusimama, na sijamwona tena. Habuba alizikwa ukimbizini, mahali ambapo maji yaliletwa kwa tangi na kupimwa. Baba alirudi mgonjwa na hakukaa sana.

Mimi na mama tulirudi Midia nikiwa mwanamke mzima. Tulishuka na majerikeni ya njano, hatukujua tutakuta nini. Hakuna jembe lililokuwa limepita pale miaka yote tuliyokuwa mbali. Nyasi zilikuwa zimetupita kichwa, kutoka mahali mstari ulipokuwa mpaka kwenye mwamba, na vichaka vimefungamana, na chini yake maji yalikuwa yakitoka membamba, meupe, baridi. Niliyateka kwa kiganja nikanywa. Yalikuwa matamu kama zamani, na hilo lilinikasirisha zaidi ya kitu kingine chochote nilichokikuta, zaidi ya nyumba zilizochomwa. Hayakuhitaji kitu kutoka kwetu isipokuwa kuachwa.

Nilipogeuka mama hakuwepo. Nilimfuata juu. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya matofali ya Baba Mkubwa, ambayo haikuwa na bati wala mlango, muhogo mwitu umeota sebuleni. Alikuwa na jerikeni lake. Maji niliyokuwa nimemjazia aliyamwaga yote chini, taratibu, mpaka likalia tupu. Akalipindua kizingitini. Kisha akakaa kando yake, akanyoosha miguu.

"Mama," nilisema, "hakuna mutu humo ndani."

"Najua."

Jua lilikuwa kali, na alikuwa mzee tayari, na wale waliokuwa wamerudi walianza kutoka kwenye vibanda vyao kumtazama. Hakuna aliyesogea. Aliinua macho akaniangalia, akasogea kidogo pale kizingitini, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Nilikuwa na jerikeni mkononi, limejaa. Nilimwangalia, nikamkumbuka Habuba chini ya mwavuli na chai yake yenye nzi. Nikapandisha maji kibandani kwetu, nikawasha moto, nikaanza kupika, kama mama alivyopika siku ile.